Vioo vya Bwana Shuka

Jumanne, 1 Agosti 1911. Matema

Leo nimekuwa mtaalamu wa picha. Asubuhi nilikuwa bado mtu wa kawaida.

Mzungu mmoja ametoka boma la Langenburg na masanduku mengi. Anataka kupanda milima hii inayotuinamia hapa ufukweni, alale huko juu siku kadhaa, apige picha za mabonde na maporomoko, kisha ashuke. Hahubiri. Hadai kodi. Hawindi hata kanga. Anapiga picha tu! Jina lake linakwama kooni. Lakini muda mwingi kichwa chake kimo ndani ya shuka jeusi nyuma ya sanduku lake la picha, kwa hiyo watu wamemwita Bwana Shuka, na jina limeshika.

Akauliza, kupitia mkalimani wake, nani anajua mambo ya picha. Nikasema mimi. Nimewahi kuona picha moja, ukutani shuleni, ya mzee mwenye masharubu. Nimeitazama sana. Nikakabidhiwa sanduku la vioo. Vioo ndivyo vinavyoshika picha, na atakayeviharibu atakula kiboko. Mkalimani alitafsiri neno kiboko kwa raha, akalirudia.

Hezroni amepewa miguu mitatu ya mbao ambayo sanduku la picha husimama juu yake. Vizuri. Mbao ni mbao. Hezroni ni jirani yetu, mrefu, mpole, anapendwa na watu na mbwa wao. Ni hasimu wangu. Nimemweleza hivyo waziwazi, akacheka, akanipa ndizi.

Uhasama wetu ni juu ya Anyosisye, binti wa Mzee Lameck mwenye mashamba ya mpunga. Sote wawili tumeposa. Mzee Lameck amekubali sote wawili, maana ng'ombe ni ng'ombe. Mchungaji ndiye aliyekataa. Hafungishi ndoa mpaka binti aseme mwenyewe anamtaka nani. Anyosisye amesema atajibu tukisharudi mlimani, Jumapili ya wiki ijayo, baada ya ibada. Kisha akaniambia pembeni kwamba Hezroni ameshamwona vya kutosha, lakini mimi hajawahi kuniona nimetulia, hata wakati wa Baba Yetu. Angependa kuona sura yangu imetulia walau mara moja kabla hajaamua.

Nikakaa chini ya paa la baraza nikawaza, na nikapata. Picha! Kitu gani kimetulia kuliko picha? Nitapigwa picha kileleni, peke yangu, kifua mbele, na Jumapili ile Anyosisye ataiona. Hezroni atabaki na mbao zake.

Dosari ni moja tu. Kiongozi wa njia ni Tata. Baba yangu mzazi, Mzee Zebedayo! Tangu nizaliwe hajaniacha nimalize jambo bila kuniambia, Sadoki, kaa chini.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Hezroni husoma Kinyakyusa tu.

Jumatano, 2 Agosti. Kambi ya kwanza

Magoti! Sikujua kwamba magoti yana sauti.

Njia ni ya kupita mtu mmoja mmoja, na inapanda tu. Mbele Tata na fimbo yake, nyuma yake Bwana Shuka, halafu sisi wapagazi, halafu wanawake waliobeba chakula cha siku ya kwanza, akiwamo Neli, mke wa kaka yangu Eliya. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kwetu mke hamtazami baba mkwe. Hakutani naye njiani, hakai naye nyumba moja, hata jina lake halitaji. Sasa kila Tata aliposimama kupumua na kugeuka nyuma, Neli alijifunika kichwa na kuruka vichakani na chungu chake cha mbalaga, ndizi za kupika. Akitokeza tu, Tata anageuka tena. Bwana Shuka akauliza kwa nini chakula chake kinaishi msituni. Mkalimani akamweleza. Bwana Shuka akataka kumpiga picha Neli akikimbia, lakini Neli ana mbio.

Mwishowe Tata alikaa akiuelekea mwamba, akala hivyo hivyo, pua ukutani, ili Neli apate kupakua. Mchungaji husema Injili haikatazi kumtazama mkwe. Neli humjibu kwamba Mchungaji hajawahi kuolewa. Baada ya kula wanawake wakarudi Matema.

Kisha mto. Nilipanga kuvuka wa kwanza, sanduku la vioo nimeliinua juu ya kichwa, ili Bwana Shuka aone mtu ni nani. Nilivuka wa kwanza hadi katikati. Maji yakanikamata kiunoni nikaanza kuzunguka. Hezroni akaja kunitoa, mimi begani, sanduku kichwani, miguu mitatu kwapani. Bwana Shuka akampigia makofi.

Alifanya makusudi. Mtu mwema hawezi kuwa mwema kiasi hicho bila nia mbaya.

Alhamisi, 3 Agosti. Kwenye maporomoko

Maji yanaanguka kutoka juu sana na unyevu wake unakupiga usoni ukiwa bado mbali. Bwana Shuka alitaka mtu asimame chini yake, ili watu wa kwao Ujerumani waone urefu. Akamwita Hezroni. Nikawahi! Nikamwambia mkalimani amwambie kwamba mtu mrefu akisimama pale, maporomoko yataonekana mafupi. Anatakiwa mtu mfupi. Bwana Shuka alifikiri, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, jambo ambalo halikuchukua muda, akakubali. Kwa mara ya kwanza maishani ufupi umenifaa.

Nikapanda juu ya jiwe. Kifua mbele. Bwana Shuka akaingia ndani ya shuka, akatoka, akainua mkono na kupaza sauti: shtil! Maana yake tulia, hata pumzi uishike. Kioo hakimshiki mtu anayesogea. Humgeuza moshi.

Nilitulia. Naapa nilitulia, mpaka siafu wa kwanza alipofika gotini. Alikuja na ukoo wake.

Sitaandika yaliyofuata. Niseme tu kwamba kanzu ilivuliwa, na kwamba maji ya maporomoko yale ni ya baridi kuliko yanavyoonekana. Bwana Shuka alisema kwenye picha ile watu wa kwao wataona maporomoko mawili, moja la maji na moja la Sadoki. Wapagazi wote walicheka. Mkalimani alilazimika kukaa chini. Tata aliniambia nami nikae chini. Juu ya siafu!

Ijumaa, 4 Agosti. Juu, kwenye baridi

Hapa hakuna migomba. Ni majani mafupi, mianzi na ukungu. Asubuhi majani yalikuwa meupe na yakavunjika nilipoyakanyaga. Wakinga wa huku juu walitutazama tukitetemeka, wakatuuzia viazi, wakacheka kwa Kikinga. Tata amevaa nguo zake zote na moja ya kwangu.

Nikatunga mpango mpya. Ikiwa siwezi kupata picha nzuri, basi na Hezroni asipate. Nikamwendea, nikamshika mkono kindugu, nikamwambia kwa siri ya utaalamu wangu kwamba sanduku lile hufyonza nguvu za miguu ya mtu. Anayepigwa picha leo, mwakani anatembelea magongo. Nikamshauri ajifiche kila likifunguliwa. Hezroni akanishukuru sana, ndaga fijo, akaenda moja kwa moja kumuuliza Bwana Shuka kama ni kweli!

Bwana Shuka akasikitika kwamba kijana mzuri namna ile ana hofu. Ili kumtoa hofu akampiga picha. Amesimama na mwanzi. Kisha akampiga nyingine, ameketi juu ya mwamba akitazama mbali. Hezroni alitulia kama gogo bila hata kuambiwa. Mawingu yakafunguka nyuma yake, jua likatoka, sijui nani aliliita.

Nimekula kiazi kimoja tu. Sina hamu.

Jumamosi, 5 Agosti. Kambi ile ile

Leo nimefanya kazi kubwa, na hakuna aliyeniona. Mtaalamu hufanya kazi kimya.

Bwana Shuka, Hezroni na mkalimani walikwenda asubuhi kutazama bonde la ng'ambo. Nikaachwa nilinde sanduku la vioo. Niliamriwa nisilifungue. Lakini nitalindaje kitu nisichokijua hali yake? Tena nilitaka kuziona zile picha za Hezroni. Kuziona tu. Labda na kuiangusha moja.

Nikafungua. Nikatoa vioo kimoja kimoja kwenye karatasi zake nyeusi. Havina kitu! Vyeupe vyote, vya rangi ya maziwa, kama uji. Nikafurahi, Hezroni hayumo! Halafu nikakumbuka. Na mimi simo.

Nikavigusa. Vina unyevu wa ukungu. Hapo nikaelewa kila kitu, na nikamhurumia Bwana Shuka, maana ametoka mbali na hajui. Sisi watu wa Matema tunajua. Usipa, yaani dagaa wetu, uliotoka ziwani ukiufungia ndani ya kikapu, utakuwa usipa? Utakuwa uvundo. Lazima uanike! Picha hizi zimefungiwa gizani zikiwa mbichi, zitakauka vipi?

Nikatafuta mwamba safi unaopigwa na jua. Nikavipanga vioo vyote, safu kwa safu, bila kuviweka juu ya vingine. Nikakaa na tawi kufukuza kunguru. Baada ya muda nikavigeuza, upande wa pili nao upate jua. Vikaanza kubadilika! Weupe ukaondoka, ikaja rangi ya zambarau, kisha kijivu. Vinaiva! Nilitamani kuimba. Tata alipita akaniuliza ninaanika nini. Nikamwambia kazi ya kitaalamu. Akaniambia nikae chini. Nikamwonyesha kwamba nimekaa.

Kabla hawajarudi nilivifunga tena, vikavu, vya moto vizuri. Bwana Shuka atashangaa sana.

Jumapili, 6 Agosti. Kileleni

Asubuhi tulisali. Hatukubeba mizigo. Lakini anga ilikuwa safi mno na Bwana Shuka hakuweza kujizuia. Amebakiwa na kioo kimoja tu, kiko tayari ndani ya sanduku la picha tangu jana. Akasema atakitumia kileleni.

Huko juu unaliona ziwa lote. Matema ni ukanda mwembamba wa mchanga, na mitumbwi ya Wakisi wanaopeleka vyungu sokoni Lyulilo inaonekana midogo kama mbegu za tikiti. Kule chini, chini ya moshi mmojawapo, Anyosisye alikuwa akitoka kanisani. Nikamtamani. Nikasema moyoni, kama jibu litakuwa Hezroni, nitahamia ng'ambo ya ziwa na sitarudi.

Kisha nikaenda kwa Bwana Shuka, nikamsihi. Kioo cha mwisho kiwe changu. Nisimame peke yangu pale ukingoni, ziwa nyuma yangu. Nikamwahidi kwamba leo siafu hawapo. Hezroni naye akaniombea! Sijui ana hila gani. Bwana Shuka akakubali.

Nikasimama ukingoni kabisa. Kifua mbele, kidevu juu. Nyuma yangu hewa tupu. Bwana Shuka akainua mkono, shtil! Nikatulia. Sikupumua. Upepo ukaja, ukaingia chini ya kanzu, kanzu ikajaa. Nikahisi kisigino kinainuka. Sikusogea! Mtu anayetaka kuoa hasogei. Nikaanza kwenda nyuma taratibu nikiwa nimetulia vile vile.

Tata alikuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia, mzee wa watu. Akanikamata bega, akanikazia chini, nami nikafungua kinywa kupiga kelele kwamba ameniharibia. Hapo hapo Bwana Shuka akapiga picha.

Basi! Kioo cha mwisho! Nimo mimi kinywa wazi, na Tata amenishika kama mwizi wa kuku. Nilitaka kumwambia maneno makali. Lakini mkono wake ulikuwa bado begani kwangu, na hakuuondoa mpaka tulipofika mbali na ukingo. Nilimkatia nusu ya kiazi changu. Nusu ndogo.

Jumanne, 8 Agosti. Matema

Tumeshuka. Miguu si yangu.

Leo Bwana Shuka ameziosha picha. Alijifungia kwenye kibanda cha nyavu, madirisha yamezibwa kwa majani ya migomba, ndani taa yenye kioo chekundu. Sahani zake za dawa zilivunjika njiani, kuna mtu alizikalia, sitaki kumtaja, basi akanunua vyungu vipana vya Wakisi. Hezroni alimsaidia. Mimi nilikaa nje na mkalimani nikisubiri sifa.

Kioo cha kwanza: cheusi kabisa. Cha pili: cheusi. Bwana Shuka akatoka nje akiwa mwekundu kuliko taa yake. Akarudi. Cheusi. Kila alichokiosha kilikuwa cheusi kama sufuria. Akatoka, akasema vioo vimeingiwa na mwanga vikaungua, akauliza ni nani aliyefungua sanduku. Mkalimani akaanza kukunja mikono ya shati lake.

Nilikuwa na maelezo tayari kuhusu ukungu wa Ukinga. Lakini Tata alikuwa hapo, na Tata hana siri. Akasema kwa sauti kwamba alimwona mwanawe Sadoki akivianika vioo juu ya mwamba, anavigeuzageuza, anafukuza kunguru. Mkalimani akatafsiri. Bwana Shuka akaomba atafsiri tena. Akatazama mchanga wa Matema, usipa umetandazwa kutoka hapa hadi kule, wanawake wanaugeuza. Akanitazama mimi. Niliona ameelewa, na kuelewa hakukumsaidia. Akasema kiboko kiletwe.

Nikafumba macho. Nikaanza Baba Yetu, na kwa mara ya kwanza nilitulia.

Ndipo Hezroni akapiga kelele kutoka kibandani kwamba kile kioo cha mwisho, kilichokuwa ndani ya sanduku la picha, kina watu! Bwana Shuka akakimbia ndani. Tukasikia kelele za Kijerumani, halafu kicheko, halafu kama mtu anacheza ngoma peke yake. Akatoka na kioo kinachotiririka maji, amekishika kama mtoto mchanga. Mkalimani akatuambia Bwana anasema tangu aanze kupiga picha hajapata nyingine kama hii. Hakukumbuka kiboko. Mkalimani alikishusha polepole kwa masikitiko.

Kwa hiyo safari nzima, milima yote ile, imebaki picha moja. Yangu! Picha za Hezroni zimekufa. Nikihesabu vizuri, kuanika kumenisaidia.

Jumapili, 13 Agosti

Mambo ni mengi kuliko wino. Naandika hivyo hivyo.

Baada ya ibada Bwana Shuka, ambaye kesho anarudi Langenburg, aliiweka picha barazani mwa kanisa, imekwisha kutolewa kwenye karatasi, kubwa kama ukurasa wa Biblia. Watu wakasongamana. Mimi nilisimama kando yake, kifua mbele, ili walinganishe. Ni kweli nimetulia, hakuna moshi. Kila udevu unaonekana. Ila kinywa! Kinywa kimefunguka mpaka koo linaonekana. Na Tata yuko wazi kabisa, macho, mikunjo, vidole vyake begani kwangu. Hezroni hayumo ila kivuli cha kofia yake. Nikafurahia kivuli.

Akaja Anyosisye. Watu wakampisha, wanajua. Asubuhi ile ile alikuwa amemsalimia Tata kisimani, mugonile Tata, kama binti yeyote anavyomsalimia mzee yeyote. Akanitazama mimi, akatabasamu. Akainama kuitazama picha.

Akatoa sauti ndogo. Akavuta kitambaa, akajifunika uso wote, akageuka, akakimbia! Akakanyaga mguu wa Mzee Lameck, baba yake mwenyewe, akaruka ngazi, akapotelea migombani.

Nikasema yamekwisha. Kinywa! Nikapanda juu ya benchi nikaanza kuwaeleza watu kwamba kile si kinywa changu cha kila siku, kwamba kulikuwa na upepo, kwamba mwenye kulaumiwa ni Tata. Nikamnyooshea Tata kidole. Tata alikuwa amesimama mlangoni na Mchungaji. Naye, badala ya kuniambia nikae chini, alikuwa ameshageuka taratibu akauelekea ukuta wa kanisa, pua kwenye udongo, ameganda.

Sikuelewa. Wanawake walielewa kabla yangu. Neli ndiye aliyeanza vigelegele, akiwa amejificha nyuma ya nguzo kwa sababu ya Tata. Wengine wakafuata. Hezroni akaja akanishusha kwenye benchi. Macho yake yalikuwa na maji kidogo, lakini akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kuniambia, polepole kama anayemweleza mgonjwa, kwamba Anyosisye hakukimbia sura yangu. Amekimbia sura ya mkwe wake.

Mkwe wake!

Mchungaji akasema hiyo haitoshi, yeye anataka neno la kinywa. Sauti ya Anyosisye ikatoka migombani ikiuliza kwani anataka akimbie mara ngapi. Mzee Lameck akasema yeye ameridhika, ila mguu unamuuma. Wazee wakaanza kubishana kama mkwe wa kwenye karatasi ni mkwe, na Tata akisikia yote hayo bado ameuelekea ukuta, mabega yakimcheza kwa kucheka.

Jioni Neli aliniletea maneno ya Anyosisye. Anasema Hezroni ni mtu mwema, lakini ukiwa naye Jumatatu unajua Jumamosi mtakula nini. Na anasema kwenye picha ameona kwamba Sadoki hutulia akishikwa vizuri, na mikono yake yeye ina nguvu za kutwanga mpunga.

Nimefurahi. Nimemchinjia Hezroni jogoo. Amekuja kula na Tata, wakakaa wananizungumzia kama sipo.

Ni dhahiri kwamba yote haya yametokea kwa sababu ya mpango wangu. Mimi ndiye niliyechagua ukingo.

Jumatatu, 2 Oktoba 1911. Nyumbani kwangu

Nimeoa. Nina nyumba. Nina mke mzuri, na mke mzuri yupo nje, anapika chini ya upenu na hataki kuingia.

Ni picha. Bwana Shuka aliniachia, nikaitundika ukutani mahali pazuri kuliko pote. Siku ya kwanza Anyosisye aliingia na mtungi wa maji, akamwona mkwe amemkodolea macho, mtungi ukapasuka. Nikaifunika kwa jani la mgomba. Jani likakauka, likaanguka wakati wa kula. Akatoka nje kwa kupitia dirisha.

Nikasema mambo madogo haya. Leo asubuhi nimeazima wembe wa Hezroni nikamkata Tata, kuanzia juu hadi chini, kwa uangalifu. Nimempa Tata upande wake. Amefurahi, ameuweka ndani ya Biblia. Nikabaki mimi peke yangu, kileleni, kama nilivyotaka tangu mwanzo! Nikamwita Anyosisye. Akachungulia kwa jicho moja, akauliza vile vidole begani ni vya nani.

Mkono. Nimeusahau mkono. Umekaa begani kwangu bila mwenyewe.

Mzee Lameck aliitwa, akasema mkono bila mtu si mkwe. Tata akaitwa, akasimama mbali njiani, akapaza sauti kwamba mkono ni wake, analijua kovu lake, na hakumpa mtu ruhusa ya kuuvua ukwe. Anyosisye akasema maadamu mwenyewe ameukiri, yeye anabaki nje.

Nikafikiri. Nina wino, huu huu ninaoandikia. Tone moja juu ya vidole, yamekwisha. Nikadondosha. Mkono umepotea vizuri kabisa. Bega nalo limepotea. Wino unashuka kifuani. Nimeinamisha picha ili usishuke, sasa unapanda shingoni. Kinywa kimejaa, jambo ambalo si baya. Limebaki jicho na ukosi wa kanzu.

Lazima ikauke upesi. Jua limezama. Nimeishikilia juu ya mafiga hapa ndani kwa kijiti, mbali na makaa, huku naandika kwa mkono wa pili. Anyosisye anauliza kutoka nje kuna nini. Nimemjibu hakuna kitu. Anauliza tena, harufu hiyo ni ya nini. Nimemj

Baadaye. Imekwisha yote. Ilichukua muda mfupi sana, hata jicho.

Anyosisye aliingia na ndoo ya maji, akazima kijiti, meza na mimi. Akatazama ukuta mtupu. Akakaa chini, ndani, kwenye mkeka wetu, akacheka mpaka akashindwa kupumua. Sasa amenishika mkono huu wa kushoto na ameniambia nitulie. Tunakula mbalaga ndani ya nyumba, mlango umefungwa, kwa mara ya kwanza tangu tuoane.

Naona mpango wangu umefaulu kuliko nilivyoupanga. Nimeshamwagiza Hezroni, anayekwenda Langenburg kesho, ampelekee Bwana Shuka salamu zangu. Aje tena mwakani na kioo kimoja tu, kinatosha. Nitasimama pale pale ukingoni, peke yangu. Na Tata nitamwacha Matema.